Aliyeruka Kwanza

Dada yangu ana mwaka wa saba kwenye kikosi cha kulinda pwani, na kazi yake ni kuruka. Boti ya doria ikishakibana chombo cha wasafirisha dawa za kulevya, yeye ndiye anayetangulia kuvuka, huku wa upande wa pili hawajaamua kama watainua mikono au watatoa bastola. Mama humuuliza, "Mwanangu, hao wanaume wenzako waliajiriwa kufanya nini?"

Swali zuri. Mkuu wa boti yao, kwa mfano, aliajiriwa kutapika.

Asubuhi waliyokamata kilo mia tatu za unga, bwana mkubwa alikuwa chini, kakumbatia ndoo. Dada akaruka. Akakuta mabaharia wanne wapole kama waliokuja kuposa, samaki tele, karatasi safi. Wenzake wakafukua samaki mpaka chini, wapi. Yeye akaliona tanki la maji ya kunywa: rangi mpya kwenye chombo kilichooza kila mahali. Akaligonga, akaling'oa bati la nyuma. Unga ulikuwa umepangwa humo kama matofali.

Kufika bandarini, mgonjwa wetu kapona. Kesho yake alikuja kwenye cherehani yangu nimpunguzie sare kiunoni.

"Fundi, kaza hapo. Wapiga picha wanakuja."

Nikakaza mpaka akahema kwa shida, na hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata katika kesi nzima.

Picha apige tu. Kilichonichefua ni hati ya ukamataji. Aliyepanda kwanza na kuuona mzigo ndiye anayeisaini, na ndiye anayekuja kuisimamia mahakamani. Mkuu akaandika jina lake mwenyewe. Dada alipolalamika, akaambiwa aache roho ya kwa nini.

"Sifa achukue," aliniambia. "Mimi nataka wale watu wafungwe. Huyu hata tanki halijui!"

Kwenye orodha ya mashahidi dada hakuwemo. Tulikaa benchi la nyuma kama watazamaji wengine. Wakili wa utetezi, mtu wa sauti ya taratibu, akauliza, "Afande, mzigo uliukuta sehemu gani?"

"Chini ya samaki," akajibu, kifua mbele.

Wakili akamwonyesha picha za kikosi chenyewe, tanki limefunguliwa. Akamuuliza nani alikuwa kwenye usukani alipopanda. Afande akaomba swali lirudiwe. Dada akasimama ajibu yeye. Karani akamwamuru akae. Nilimchukia mkuu yule waziwazi, na bado namchukia. Hakimu akaikataa hati, kwa kuwa aliyeisaini siye aliyeuona mzigo, na wiki iliyofuata wote wanne wakaachiwa.

Nje, mlangoni, nahodha wao alimwona dada, akamsogelea kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Dada, pale kwenye tanki ulituweza."

Tangu siku ile ya baharini, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemtambua mbele za watu. Dada akageuka, akashuka ngazi akilia.