Nilijaza Sponji ya Godoro

Nimekosa, na msinitafutie sababu. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani Sonatubes, na kidogo nimuue shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kwa sindano yangu mwenyewe.

Shemeji hukodisha kayaki kule Ziwa Muhazi, pamoja na zile mbao ambazo wageni husimama juu yake wakipiga kasia. Aliniletea majaketi sita ya kuokoa maisha, yamechanika. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili.

Nilipoyafumua nikakuta vile vipande vyepesi vya ndani vimesagika kabisa. Vipya sikujua vinapatikana wapi. Si ningesema tu, "Shemeji, hii kazi siijui"? Lakini sisi mafundi na kiburi! Tunapokea hata kitu ambacho hatujawahi kukishika. Nilikuwa na sponji ya godoro kuukuu pembeni. Nikakata, nikajaza, nikashona, majaketi yakanona. Nikajisifu, mjinga mimi!

Alipokuja kuchukua alibonyeza moja kwa kidole.

"Shemeji, ndani umeweka ile ile?"

"Ni ile ile. Iko sawa."

Jumapili baada ya misa nikaenda na mdogo wangu kutazama. Kumbe shemeji ana desturi yake: kabla ya wageni kupanda, anavaa jaketi na kujirusha majini mbele yao ili wasiogope. Na hajui kuogelea! Miaka yote ziwani anategemea jaketi tu.

Akajirusha. Mwanzoni alielea, akatupungia mkono, wageni wakapiga makofi. Kisha maji yakamfika kidevuni. Kisha mdomoni. Wageni wanacheka, wanadhani ni mchezo. Mimi nilijua! Sponji ilikuwa inakunywa maji, nami nimesimama kimya, naogopa kuulizwa nimejuaje.

Mdogo wangu ndiye aliyepiga kelele: "Mana yanjye, Mungu wangu, anazama!" Mgeni mmoja akamnyooshea kasia, wakamvuta nje anatapika maji. Lile jaketi lilibebwa na watu wawili. Na yale matano yalikuwa yamepangwa pale, yanawangoja wageni!

Mwenye eneo la ziwani analofanyia biashara amemfukuza shemeji. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Nilichelewa wiki nzima kwenda kwao Kagugu kukiri, na shemeji hata hakunigombeza. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, bora angenitukana! Alisema tu, "Mimi nilijirusha sababu ni wewe ulishona."

Nilipata nafasi mbili za kusema ukweli, dukani na ukingoni mwa ziwa. Ya kwanza nikadanganya, ya pili nikanyamaza. Naandika hapa nikiwa na hasira, na mwenye kosa ni mimi.

Mafundi wenzangu, kazi usiyoijua irudishe, hata kama mteja ni ndugu. Ukimwambia mtu "iko sawa," ujue kuna siku atajirusha.