Matarishi wa Njia ya Mvumi

Malogo alipokaribia miaka thelathini alianza kukimbia bila kufukuza kitu wala kufukuzwa na mtu. Watu wa Nkuhungu walimwona alfajiri, mtu mzima mwenye mke na ng'ombe, akikata mbuga na mfuko wa mchanga mgongoni, wakaulizana amemwibia nani.

Hakuwa ameiba. Miaka miwili nyuma askari wa Wajerumani walipita kijijini kutafuta watu wa kubeba mizigo, wakamchukua yeye na wenzake sita. Alifika Tabora, akapitishwa mbele ya Tabora, akarudi baada ya miezi minane akiwa na bega lililochubuka hadi nyama. Binti yake Mbeleje, aliyemwacha akitambaa, alipomwona alipiga yowe akajificha nyuma ya bibi yake. Zilipita siku kumi ndipo alipokubali kushikwa mkono. Malogo hakulizungumza sana jambo hilo, ila kila aliposikia kwamba askari wameonekana njiani, chakula kilimshinda.

Kwa hiyo Mrisho alipokuja kumtafuta, alimsikiliza mpaka mwisho.

Mrisho alikuwa tarishi. Baba yake alitoka pwani na misafara, akaoa, akabaki. Yeye mwenyewe alikuwa amefikisha miaka arobaini na mitano, mwembamba, mwenye miguu kama fimbo za mti wa mkambala. Kazi yake ilikuwa kupokea mfuko wa barua Mvumi na kuukimbiza hadi kambi ya Wajerumani iliyokuwa ng'ambo ya Nkuhungu, ambako wengine waliupokea kuupeleka magharibi. Matarishi walikwenda wawili wawili kwa sababu ya simba. Mwenzake alikuwa ameacha kazi na kwenda kwenye ujenzi wa reli.

"Nimepewa mpaka mvua zianze," alisema Mrisho. "Nisipopata mwenza, kazi anapewa mwingine. Na tarishi, ndugu yangu, hupewa barua yenye muhuri. Hachukuliwi upagazi."

Malogo alimtazama mkewe, Loisi, aliyekuwa akipepeta uwele. Loisi hakuinua kichwa.

"Mwulize tarishi anapita nyumbani mara ngapi," alisema.

"Kila siku ya tatu, shemeji," Mrisho akajibu.

"Basi atakimbia."

Kulikuwa na jaribio. Mzungu wa kambi alitaka kila jozi mpya itoke Mvumi jua linapochomoza na kufika kambini kabla ya saa sita mchana, wote wawili, na lakiri, ile nta ya muhuri iliyofunga mfuko, ikiwa nzima. Wapagazi walitembea njia hiyo siku moja na nusu.

Siku ya kwanza ya mazoezi Malogo alitoka mbio kama anayefukuza fisi zizini. Kabla hawajafika kichaka cha pili alikuwa ameinama, mikono magotini, akitapika uji.

Mrisho alimsubiri amalize. "Wewe unakimbia kwa hasira," alimwambia. "Kuanzia leo tutakimbia tukizungumza. Nikikuuliza jambo ukashindwa kunijibu, umezidisha mwendo. Haya. Ng'ombe wako wa kwanza ulimpata wapi?"

Hivyo ndivyo walivyofanya kiangazi chote. Mrisho aliuliza, Malogo akajibu huku miguu ikienda: habari za ng'ombe, za baba yake aliyefariki, za mizigo ya Tabora. Siku moja alijikuta amesimulia habari ya Mbeleje kujificha, na aliponyamaza aliona wamefika mbali kuliko walivyowahi kufika.

Nyumbani kila mtu alichukua sehemu yake. Marko, mdogo wake Loisi, alihama kutoka kwao Mvumi akaja kuchunga ng'ombe. Mama yake Malogo, ambaye kwanza alisema ni aibu mwanawe kukimbia mbele za watu kama ndama, ndiye aliyemkanda miguu kwa samli na kumtoa funza kwa mwiba, akimgombeza asitikisike. Loisi aliweka vibuyu vya maji mahali walipokubaliana, chini ya matawi ya miiba ili nyani wasivifikie. Alivijaza kwa maji ya kisima cha mchangani, na kisima hicho kiangazi kile kilikuwa kirefu kupita urefu wake.

Wingu la kwanza lilipoonekana mashariki, Mrisho alisema, "Twende."

Walilala Mvumi kwa wakwe zake Malogo. Usiku mvua ilinyesha juu milimani. Jua likichomoza walikabidhiwa mfuko, nao wakaondoka taratibu, wakizungumza kama desturi yao. Ardhi ilikuwa imepoa, na Malogo alihisi miguu mepesi. Walikunywa kibuyu cha kwanza, wakanywa cha pili. Kisha mawingu yakafunika anga yote, jua likapotea, wakawa hawajui tena ni saa ngapi.

Walipofika korongo kubwa, theluthi mbili za njia, hapakuwa na korongo. Mchanga waliouzoea ulikuwa umefunikwa na maji mekundu yanayovuta magogo. Ng'ambo, Loisi alisimama na kibuyu kichwani. Marko alikuwa naye, pamoja na ng'ombe aliowaleta kula majani ya ukingoni.

Walikaa ukingoni. Maji hayakupungua.

"Sijui kuogelea," alisema Mrisho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi pia sijui."

"Basi yamekwisha. Nenda wewe kama unaweza. Waambie nimeumwa."

"Wamesema wote wawili," Malogo alijibu. Akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita, "Madoa! Madoa, hoo!"

Ng'ombe wa Wagogo hujua jina lake. Dume moja kubwa lenye madoa liliinua kichwa. Marko alielewa mara moja, akalisukuma kwa fimbo hadi ukingoni. Lilisita, likanusa maji, kisha Malogo akaita tena, nalo likaingia, likaja limeinua pua juu, mkondo ukilipeleka kidogo upande.

"Shika mkia," Malogo alimwambia Mrisho.

"Mkia wa ng'ombe?"

"Tangu utoto tunavuka hivi. Shika, usiuachie hata ukimeza maji."

Malogo aliufunga mfuko kichwani kwa kaniki yake, akashika pembe kwa mkono mmoja, akaligeuza dume. Katikati Mrisho alizama mpaka kwenye nywele, akaibuka akimtaja Mungu, akazama tena. Lakini mkia hakuuachia. Walipotoka ng'ambo, Loisi alikimbilia mfuko kwanza, akapapasa lakiri.

"Ni nzima," alisema, akimkabidhi Mrisho mfuko na Malogo kibuyu. "Baba Mbeleje, ondokeni! Mtakunywa njiani!"

Safari hii hawakuzungumza. Kila mmoja aliamini wamechelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Mrisho alianza kuchechemea. Malogo akamchukulia mfuko, akakimbia nusu hatua mbele yake, polepole, ili mwenzake awe na mgongo wa kuutazama. Walipita Nkuhungu. Mama yake Malogo alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea kambini.

Kambini palikuwa kimya. Karani Amiri alikuwa barazani peke yake, akichonga kalamu. Malogo aliweka mfuko mezani, akakaa chini palepale.

"Tumeshindwa," alisema. "Maji yalituzuia."

Amiri aliichunguza lakiri, akaigusa kwa kidole. Kisha akatoa saa mfukoni, akawageuzia.

"Sijui kusoma hiyo," alisema Malogo.

"Saa sita kasoro robo."

Mrisho alijilaza chali kwenye udongo, mikono wazi, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi bila yeye kuona haya. Malogo alihisi kitu kilichokuwa kimembana kifuani tangu Tabora kikilegea, kidogo kidogo, mpaka akaweza kuvuta pumzi yote. Walikuwa bado wamekaa hivyo askari alipokuja kugonga chuma cha saa sita.

"Keshokutwa mfuko mwingine," alisema Amiri, akiandika barua mbili na kuzipiga muhuri. "Na mje na nguo kavu."

Malogo alikimbia njia ile hadi gari la moshi lilipofika Dodoma likaanza kubeba barua lenyewe. Mara mbili katika miaka hiyo askari walikuja kijijini kutafuta wapagazi. Alitoa barua yake, wakapita. Mbeleje alikua akimjua baba yake kwa mlio wa makubazi yake ya ngozi. Jioni ya jaribio lile, Loisi aliporudi kutoka korongoni amelowa mvua iliyomkuta njiani, alimkuta mumewe amelala usingizi mzito kando ya ukuta, bado hajavua kaniki yenye matope, mtoto amemkalia tumboni. Hakumwamsha. Aliketi karibu yao, akanyoosha miguu yake mwenyewe, akaanza kunywa maji ya kibuyu ambacho hawakukimaliza.