Mikono ya Nakaale

Nusu ya vijana wa kata ya Burat, hapa Isiolo, walizaliwa mikononi mwa Nakaale, na mwenyewe hakumwacha mtu asahau. Ukikutana naye kwenye bomba la maji atakukumbusha kwamba ulikuja duniani ukitanguliza miguu, na kama si vidole vyake, leo usingekuwa hapo ukimpita bila salamu. Alikuwa mkunga mfupi, mwenye maneno mengi na majivuno ya kutosha watu watatu. Aliweka kiganja tumboni, akafumba macho, akasema: hiki kichwa, huu mgongo, na huyu mwingine amejificha nyuma ya mwenzake. Hakuwahi kukosea. Au tuseme hakuna aliyewahi kumwambia amekosea, na kwake hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Serikali ya kaunti ilipoingia, wakunga wote wa kata waliitwa mkutanoni. Waliambiwa kuzalisha nyumbani kumekwisha na kukanda matumbo kumekwisha. Kazi yao sasa ni kuwasindikiza akina mama hospitalini. Nakaale alipewa aproni ya kijani, akaahidi mbele ya chifu, akapigiwa makofi. Aproni hiyo aliivaa kwenye mikutano. Siku nyingine alifunga mlango na kukanda kama kawaida, kwa sababu aliona ni upuzi mtu mwenye mikono kama yake kugeuzwa msindikizaji.

Sasa, huyu Nakaale alikuwa na binti mmoja tu, Lorna, aliyeuza mboga mtaa wa Bulla Pesa na kuishi na mumewe Emuria nyumba ya pili kutoka kwa mama yake. Walikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, na maneno ya watu unayajua. Kwa hiyo tumbo la Lorna lilipoanza kuinuka, upande wa kulia chini ya mbavu, Nakaale hakungoja. Alilipapasa mara moja akatangaza kwamba ni mimba, ila mtoto amepanda juu. Damu ya mwezi ya Lorna ilikuwa ikija na kupotea tangu usichana, basi hakuna aliyeiulizia. Kanisani waliomba na kushukuru, na Emuria akatembea wiki nzima akitabasamu peke yake.

Kila Jumamosi asubuhi, Lorna alilala chali kwenye ngozi ya ng'ombe. Mama yake alitemea viganja mate kidogo ya baraka, akavipaka mafuta, akamkanda kuelekea chini ili mtoto ashuke mahali pake. Mwezi wa tatu wa kukanda, vidole vilimwambia ukweli. Hapakuwa na kichwa wala mgongo. Kulikuwa na kitu cha mviringo, kimejaa, kimekaza, na hakikufanana na chochote alichowahi kukigusa kwa miaka arobaini.

Nakaale aliingiwa na baridi. Hapo ndipo alipopaswa kusema sijui. Lakini neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake, na kanisa zima lilikuwa limekwisha kushukuru. Akajiambia wapo watoto wagumu kusomeka, akaendelea kukanda, na woga ule akaubeba kila mahali, hata kwenye usingizi.

"Mama, huyu mtoto hachezi," Lorna alisema mwezi wa tano.

"Amelala," Nakaale alijibu, akakanda kwa nguvu zaidi.

Chifu alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi iliyofuata madaktari wa utafiti watakuja kanisani na mashine ya kupiga picha za tumbo. Waliwataka hasa watu waliokulia kwenye mifugo upande wa Kipsing, na Lorna alikuwa mmoja wao. Nakaale hakulala vizuri kwa ajili ya mashine hiyo. Alfajiri alimwita binti yake mapema, akamkanda kama mtu anayegombana na tumbo, akitaka hicho kitu kishuke, kijigeuze, kiwe mtoto kabla hakijaonekana. Ghafla kitu kikalegea chini ya dole gumba. Kidogo tu. Lorna aliguna, akakaa, akasema ameshapoa, wakatoka.

Njiani Lorna alianza kujikuna shingo.

Daktari aliyekuwa kwenye mashine aliitwa Hawo, msichana wa Kiborana wa papa hapa Isiolo, mpole, mwenye kuita kila mwanamke mzima mama. Alimlaza Lorna kwenye benchi la kanisa, mama yake akiwa ameketi miguuni pake, akapitisha kifaa tumboni, na tabasamu lake likaisha polepole. Kwenye kioo kulikuwa na duara kubwa jeusi, na ndani yake viduara vidogo vingi. Aliwaambia bila kuwaficha kwamba si mimba. Ni mfuko wa maji ulioota kwenye ini, unaoletwa na mnyoo wa mbwa. Alikuwa amesoma kuhusu mifuko ya ukubwa huo, lakini alikuwa hajawahi kuiona kwa macho yake.

Halafu akauliza kama Lorna alipokuwa mchanga alikuwa na mbwa wake.

Nakaale alihisi benchi likizama. Kule malishoni, ambako maji hayakutosha hata kunywa, kila mtoto alikuwa na mbwa wa kumlamba na kumsafisha akijichafua. Huyo wa Lorna, Nakaale alimchagua mwenyewe, jike la rangi ya mchanga, akamsifu kwa majirani kwamba anasafisha kuliko yaya. Daktari alieleza kwamba mayai ya mnyoo hutoka kwa mbwa yakaingia kinywani mwa mtoto, na mfuko huo hukua taratibu, miaka ishirini au zaidi, bila kelele. Unatolewa kwa upasuaji na dawa. Lakini mtu asiuguse kabisa, hata mkanda usiukaze. Ukipasuka, maji yake yanaweza kumziba mtu pumzi papo hapo, na akipona, mbegu zilizomwagika zinaweza kuota upya popote tumboni.

"Umeumwa na mdudu?" Hawo aliuliza, kwa kuwa Lorna alikuwa amejikuna hadi ngozi imevimba mabaka.

"Ni joto tu, daktari," Lorna alisema, akamtupia mama yake jicho la haraka. Alikuwa akimlinda. Chifu alikuwa amesimama mlangoni, na nusu ya kata ilikuwa kwenye foleni ikisikiliza.

Hawo alisema huenda ni mzio wa chakula, akaanza kutafuta vidonge. Nakaale aliona midomo ya binti yake ikivimba. Akasikia pumzi ikianza kupiga mluzi. Aliogopa chifu, aliogopa foleni, aliogopa miaka arobaini yote kumwangukia siku moja. Kisha Lorna akakohoa, akashika koo, na woga mwingine wote ukawa mdogo.

"Mimi ndio nilimkanda," Nakaale alisema. "Asubuhi hii. Kitu kikalegea hapa, chini ya kidole. Daktari, mimi ndio nimekipasua."

Hawo hakumlaumu wala kumtazama. Alitupa vidonge, akachomoa sindano, akamdunga Lorna pajani, akaita gari kwa sauti iliyolitetemesha kanisa. Jioni ile Lorna alipasuliwa. Daktari wa upasuaji alikuta tundu dogo kama jicho la haragwe, na akamwambia Emuria wazi kwamba kama wangemtibu kwa mzio wa chakula tu na kumrudisha nyumbani, wangemzika.

Jumatatu Nakaale alimrudishia chifu aproni ya kijani, hakuambiwa na mtu. Lorna alimeza dawa miezi mingi, na kila mwaka alikwenda kupigwa picha kuona kama kuna mbegu iliyoota. Mama yake alimsubiri nje ya mlango akiwa amekalia viganja vyake.

Mwaka wa tatu, kabla ya siku ya picha kufika, tumbo la Lorna likaanza kuinuka tena. Alikuja kwa mama yake asubuhi, akalala mwenyewe kwenye ngozi ya ng'ombe, akafungua leso. Hakuwa amemwambia hata mumewe.

"Guza, mama," alisema. "Mimi naogopa mashine. Wewe utajua."

Nakaale alipiga magoti. Mkono wake ulisogea hadi karibu na ngozi ya mwanawe, ukasimama hapo juu, akashindwa kuushusha.

"Sijui," alisema. Akamfunika leso, akamwinua. "Twende mashine, mwanangu. Mimi sijui."