Jani la Mtini Lililokosa Kidole

Barua ilimkuta Felisbela Carrapiço jikoni, supu ya kabichi ikitokota. Makumbusho ya Lisbon yalikuwa yanafungua maonyesho ya vyombo vya kile kiwanda alichokitumikia tangu ana miaka kumi na mitatu, na yalimwalika kuhudhuria "kama mfanyakazi wa zamani". Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya sahani nyeupe yenye jani la mtini la rangi ya buluu. Jani lilikuwa na vidole vinne. Cha tano kilikuwa kimekatwa wima, kama kwa kisu, na baada ya hapo ni weupe mtupu. Chini ya picha waliandika: Lourenço Vasques, 1961.

"Hata hawa wa leo!" alisema kwa sauti, akazima jiko. Hakula siku ile. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hasira yake ilikuwa na miaka hamsini na miwili.

Kiwandani, enzi hizo, juu kulikuwa na chumba cha wasanifu. Wanaume sita, meza pana, dirisha, karatasi nyeupe za kuchezea. Chini walikaa wanawake themanini wenye brashi, wakichora kilichoshushwa kutoka juu. Mwanamke akitaka kubuni lake, alete karatasi ya kwake nyumbani. Felisbela alileta ile ngumu ya kahawia ambayo muuza duka alifungia samaki wa chumvi. Aliianika juani siku mbili, ikakauka, lakini shombo haikutoka.

Mchana mmoja, wenzake wakila mkate na zeituni uani, yeye alikaa chini ya mtini ulioota ukutani mwa tanuri, akachora jani lake. Jani lilikuwa kubwa, karatasi fupi. Alipofika kidole cha tano karatasi ikaisha, naye akaishia hapo. Kisha akafanya kama mchoraji yeyote wa pale: akautoboa mstari kwa sindano, tundu baada ya tundu, akailaza karatasi juu ya sahani, akaigongagonga kwa kijifuko cha kitambaa kilichojaa vumbi la mkaa. Vumbi likapenya, likaacha nukta, na brashi ikafuata nukta.

Sahani ilipotoka tanurini wenzake walicheka hadi machozi.

"Shoga, jani lako limebanwa na mlango!" alisema Gracinda, jirani yake wa benchi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo.

Lourenço Vasques hakucheka. Alikuwa mmoja wa wasanifu wa juu, kijana wa miaka thelathini, ametoka Lisbon na viatu vinavyong'aa. Aliishika ile sahani, akaomba akaitazame kidogo. Aliitazama miezi sita. Iliporudi, ilikuwa seti nzima ya vyombo sitini, kuanzia bakuli la supu hadi vikombe vya kahawa, na jina lake kwenye kitako cha kila kimoja. Hata kile kidole kilichokatika alikinakili vilevile, maana hakujua kwa nini kimekatika. Angejua, bila shaka angekimalizia.

Seti ilipata medali ugenini. Mkurugenzi akawakusanya wanawake, akampa kila mmoja keki ya lozi na ruhusa ya mchana. Felisbela aliiacha keki yake mezani.

"Jani lile ni langu," alisema mbele ya wote.

"Jani ni la mtini," alijibu msimamizi, na watu wakacheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa salama zaidi.

Kwa neno lake lile Felisbela alipelekwa kukwangua rafu za tanuri majira yote ya baridi, hadi vidole vikapasuka. Mumewe, Abílio, mpuliza vioo, alimsihi usiku na mchana anyamaze, kwani zama hizo mwenye kiwanda na polisi walikuwa wakila meza moja. Alinyamaza mdomo tu. Karatasi aliificha sandukuni katikati ya mashuka, na kwa miaka thelathini Abílio alilala akinung'unika kwamba kitanda chake kinanuka soko la samaki. Alikufa akinung'unika hivyo, Mungu amrehemu, bila kuambiwa sababu.

Sasa Felisbela alichukua simu. Msimamizi wa maonyesho, Daktari Leonor Sottomayor, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye adabu nyingi.

"Ninakuelewa, Bi Felisbela. Ila michoro yote tuliyonayo ina sahihi ya Mwalimu Vasques. Wewe una hati yoyote?"

"Nina karatasi."

"Imetiwa sahihi?"

"Ina mafuta ya samaki."

Kisha Leonor akasema kwa upole kwamba kiti chake kimeshatengwa, safu ya tano.

Siku ya ufunguzi Felisbela alipanda basi asubuhi na Gracinda, mkoba umekumbatiwa kifuani. Ukumbi ulijaa watu wa nguo nyeusi na miwani minene. Vasques, sasa mzee wa mkongojo, alikaa mbele kabisa. Msomi mmoja alizungumza muda mrefu kuhusu kidole kilichokatwa: ati ni ujasiri, ati ni mtu aliyethubutu kuliachia jani litoke nje ya dunia. Watu wakapiga makofi. Gracinda akamfinya mwenzake paja.

"Usiposimama wewe, nasimama mimi, na mimi nitatukana."

Felisbela alisimama. Alipita safu ya nne, ya tatu, ya pili, akavuka ile kamba nyekundu iliyozunguka meza ya vyombo kana kwamba ni kamba ya kuanikia nguo zake.

"Mama, usiguse!" alipiga kelele mlinzi.

"Mwanangu, nimegusa elfu thelathini za hizi kabla hujazaliwa." Akamgeukia Vasques. "Mwalimu, hebu niambie. Kidole cha tano kiko wapi?"

Mzee alikohoa. "Nilitaka jani livuke mpaka wake..."

"Lilivuka karatasi yangu."

Akaitoa. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, matundu yake yamekolea weusi wa mkaa. Akailaza juu ya sahani, na ukingo wake ukakaa sawasawa pale jani lilipokatika. Akatoa kijifuko, akagonga mara tano, sita, mkono ukienda wenyewe. Alipoinua karatasi, nukta nyeusi zilikuwa zimelala juu ya mstari wa buluu, moja baada ya nyingine, bila hata moja kukosea njia. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kuona.

"Mimi ndiye niliyelipeleka duniani," alisema Vasques, sauti ikiwa ndogo.

"Ulilipeleka, sikatai. Hata tarishi hupeleka barua, Mwalimu, lakini hatii sahihi yake."

Gracinda alipiga kigelegele peke yake.

Leonor alikuja, uso umemwiva. Alisema wangeweza kuongeza mstari kwenye kadi ya maelezo iliyo kando ya sahani: kwa msaada wa Felisbela Carrapiço. Na je, karatasi hiyo angewaachia makumbusho?

"Msaada nitampa mzee huyu kushuka ngazi," alisema Felisbela. "Kadi kwanza, karatasi baadaye." Akavuta kiti cha mlinzi, akakaa katikati ya vyombo vyake, mkoba magotini. Hotuba iliyofuata haikuweza kuanza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya siku ile iliandikwa kwa kalamu ya wino, wageni wakisubiri. Felisbela alivaa miwani, akasoma kadi.

"Mchoraji wa kiwandani? Futa. Yule mlimwandika nani?"

"Msanifu," alisema Leonor.

"Basi."

Leonor akafuta, akaandika upya: Felisbela Carrapiço, msanifu. Felisbela akaisoma kadi mara mbili. Kisha akaifuta sahani vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akamkabidhi Leonor karatasi kwa mikono miwili. Leonor aliisogeza usoni, akashtuka.

"Bado inanuka!"

"Inanuka, ndiyo. Msiifunike kioo mpaka wageni hawa wote wapite. Nataka kila mmoja ainuse."