Jumapili ya Tatu ya Kezia Pell

Kezia Pell alikaa juu ya ukuta wa makaburi, nje ya kanisa, maana huko Dorset huaminika kwamba bibi harusi akisikia ndoa yake ikitangazwa huzaa watoto viziwi. Kwani mikosi aliyonayo haikumtosha? Tangu baba yake atoroke na mke wa mwenye baa, ukoo wa Pell ulikuwa gumzo la kijiji. Jumapili mbili za matangazo zilipita salama. Leo ndiyo ya tatu, na mama wa mchumba wake, Jabez, alikuwa ameapa kusimama kupinga.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Jabez akatoka peke yake, kofia imekwenda upande, anahema kwa hasira.

"Umepinga, mama?" Kezia akauliza.

"Nipinge saa ngapi? Yule mmbea Bi. Scadding kanitangulia! Ati Pell wote damu chafu. Nikamwambia, 'Keti chini! Mkwe wangu nitamsema mimi, si wewe!'"

"Mkwe wako?"

Mama Jabez akaiweka kofia yake sawa.

"Nimeponzwa na mdomo wangu, tena mbele ya kasisi. Haya, shuka hapo twende nyumbani, bata ataungua."