Mbeba makapu ya chaza anayetafuta sahihi moja

Saa sita mchana visu vinatua mezani, na wanawake arobaini wa banda la chaza katika mji huu wa pwani, Tongyeong, wanavua glavu kwa kelele za kuku walioona punje.

Pyo Jae-ung, miaka thelathini na minne, hakai nao. Anabeba bakuli lake la supu ya tofu, anazunguka nyuma ya kilima cha magamba, anageuza kreti na kula peke yake. Tangu alfajiri amebeba makapu mia moja na ushee, kila moja kilo ishirini.

"We Jae-ung!" mama mmoja anampigia kelele. "Utaoa lini? Mabega yote hayo ni ya kubebea chaza tu?"

"Chaza hawana maswali, mama mdogo," anajibu; ndivyo anavyowaita wanawake wote wa bandani.

Banda linacheka. Naye anacheka, kisha anaigeukia supu yake.

Jae-ung alizaliwa Goseong, si mbali kwa basi, akaandikishwa msichana. Homoni za kiume ametumia miaka saba. Sauti imekuwa nene, ndevu zipo, "kama nyasi za juu ya mwamba," anasema mwenyewe. Kilichobaki ni kifua. Miaka yote hiyo amekibana kwa fulana nzito isiyopitisha pumzi, huku akibeba makapu.

Januari mwaka jana fulana hiyo nusura imuue. Alianguka na kapu lake, midomo imegeuka buluu. Aliyekuwa karibu ni Bang Bok-sim, bibi wa miaka sabini na mmoja ambaye hakuna anayemshinda kwa kufungua chaza. Alimburuta hadi stoo, akauzuia mlango kwa mgongo, akaichana fulana kwa kisu cha kazi.

"Basi nikaona," anasema Bok-sim, akipuliza kahawa ya pakiti. "Nikamwambia, pumua kwanza, mjinga wewe, mengine yatasubiri. Yakasubiri miezi mitatu, mpaka akanieleza mwenyewe."

Daktari wa mji wa Busan alimpa Jae-ung njia zote: kuondoa matiti, kuondoa kizazi, au, kwa anayetaka kufika mwisho, kutengenezewa uume kwa ngozi ya mkono.

"Akaupapasa mkono huu kama fundi cherehani anayepima kitambaa," anasema, akiunyoosha wa kushoto. "Nikamwambia, daktari, huu ndio unaonilisha. Uache."

Alichagua kifua tu. Gharama yake ni mshahara wa miezi minne, na fedha anazo. Anachokosa ni sahihi. Hospitali aliyoichagua haimpasui mtu asiye na wa kumsainia fomu, kisha alale kando yake wodini, amlishe, amvalishe. Mara mbili amepangiwa tarehe. Mara mbili fomu imebaki tupu.

Mama yake yu hai. Kila Jumapili anapokea simu ya mwanawe.

"Ananiuliza nimekula nini, namwambia. Nikitaja hospitali, nasikia televisheni inaongezwa sauti."

Ni mwaka wa sita hajakanyaga kwao. Sikukuu ya mavuno ikifika, wenzake wakienda kwa wazazi, yeye hununua sanduku zima la mapeasi, akayala peke yake hadi meno yafe ganzi.

Tarehe ya tatu aliyopangiwa ni tisa Juni. Msimu wa chaza utakuwa umefungwa, maana kidonda hakitaki kapu kwa wiki sita. Safari hii Bok-sim amesema atasaini yeye.

"Mama yako umemwambia?" anamuuliza, akimmiminia kahawa.

"Nimemtumia tarehe."

"Akasemaje?"

"Amesoma."

"Na akitokea?"

"Akitokea, mama mdogo, wewe utarudi na basi."

"Sirudi ng'o! Nikishafunga mzigo nimefunga. Tutabanana."

Hawataweza kubanana. Jae-ung ameshamuuliza muuguzi: kando ya kila mgonjwa kuna kitanda kimoja tu cha mwangalizi, kifupi, chembamba. Bok-sim atakilalia, hilo wamekubaliana.

"Lakini asubuhi ile ya kwanza," anasema Jae-ung, akisuuza bakuli lake, "mpaka saa nne watakapokuja kunipeleka kupasuliwa, nitamwomba mama mdogo akae kwenye kiti, kitanda kibaki wazi kwa mama."