Nafuna Aliyechagua Thika

Hakuna aliyemlazimisha Nafuna kwenda Thika, na hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Angekuwa amepelekwa, angemlaumu aliyempeleka. Yeye alitoka Bugisu, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Baba yake, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alikuwa amemtafutia nafasi katika chuo cha ualimu karibu na Mbale, mahali ambapo angeweza kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nafuna akakataa. Alisema huko kila mtu anamjua, wanajua alivyolia alipong'olewa jino na wanajua nani alikuja kumposa akarudishwa. Alitaka kwenda mahali ambapo angekuwa mtu mpya.

Mama yake alikuwa Mbukusu wa upande wa Kenya. Mdogo wa mama huyo, Nakhumicha, aliolewa na Boaz, fundi wa mashine ya kumenya kahawa katika shamba la mzungu mmoja kule Ruiru. Kwa hiyo wa kumpokea alikuwapo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1955 Nafuna akapanda treni na sanduku lake la mbao, akavuka mpaka, akashuka Nairobi miguu imevimba, akaunganisha hadi Thika.

Chuo kilikuwa cha misheni, nje kidogo ya mji. Wanafunzi wengi walikuwa wasichana wa Kikuyu, na kutoka Uganda alikuwa peke yake. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kupambana na wapiganaji wa msituni. Maneno hayo Nafuna alikuwa ameyasikia nyumbani, lakini hakujua yanafananaje. Sasa aliyaona kwa macho. Watu walikuwa wametolewa katika mashamba yao wakasongamanishwa vijijini, kila kijiji kimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Wanawake walitolewa asubuhi chini ya ulinzi kwenda kuchimba matuta. Barabarani hakukosekana mtu wa kuuliza kibali.

Masomo ya darasani hayakumshinda, maana yalikuwa kwa Kiingereza. Kilichomshinda ni mazoezi ya kufundisha. Walimpeleka shule ya jirani, darasa la watoto wadogo, na watoto wadogo walifundishwa kwa Kikuyu. Siku ya kwanza alichora mbuzi ubaoni akasema "mbusi" kama wanavyosema kwao. Watoto wakamsahihisha kwa pamoja, "mburi", kisha wakacheka mpaka mwalimu wao akaingia. Nafuna akacheka pamoja nao. Baadaye hakucheka tena. Ikawa kila siku ya mazoezi anapunguza mwendo kabla hajafika mlangoni.

Hapo ndipo akaanza kukifikiria kile chuo kingine cha karibu na Mbale. Akiwa anafua alijiona kule, anafua. Akiwa anakula alijiona kule anakula na wasichana wanaomwelewa. Alikuwa na hasira na yule Nafuna wa nyumbani ambaye hakuwako, jinsi mambo yalivyomwendea vizuri. Alibadilisha kitanda mara mbili, akasema dirisha linamletea baridi, kisha akasema hakuna hewa. Wenzake wakaanza kumwona msumbufu.

Aliyemvumilia ni Mumbi, msichana aliyekaa naye dawati moja. Mama yake Mumbi alikuwa katika kijiji kimoja upande wa Theta, na Jumapili moja mkuu wa chuo akampa Mumbi ruhusa ya kwenda kumwona. Nafuna akaomba kumsindikiza. Walitembea asubuhi yote, Mumbi amebeba sukari kidogo na sabuni.

Langoni askari wa kijiji akatazama kibali cha Mumbi, akakigeuza, akasema muhuri hausomeki. Akamwambia akae pale kando ya handaki angoje mkubwa wake. Kisha akamgeukia Nafuna akamuuliza kabila. Nafuna akamweleza.

"Wewe pita," askari akasema. "Wewe ni mgeni."

Nafuna hakupita. Aende wapi, kwa mama ambaye si wake? Wakakaa wote wawili juani. Mkubwa hakuja. Ng'ambo ya handaki wanawake walikuwa wakipita na mitungi, na Mumbi alikuwa akinyanyuka kila mara kutazama kisha anakaa. Jua lilipoanza kuinama ikabidi warudi, maana wangechelewa chuoni. Sukari na sabuni Mumbi alimwachia mwanamke mmoja aliyekuwa anaingia.

Njiani Nafuna akashindwa kunyamaza. Akaanza kusema hii si nchi ya kusomea, alikosea, angemsikiliza baba yake angekuwa nyumbani sasa hivi anakula matoke. Alisema mengi. Machozi yakamtoka.

Mumbi akasimama katikati ya njia. "Nafuna, wewe ulichagua kuja, na kesho ukitaka unachagua kuondoka. Mimi sikuchagua kitu hapa. Usinililie mimi."

Hawakusemezana tena mpaka chuoni. Jumamosi iliyofuata Nafuna akafunga sanduku lake, hakumuaga mtu, akapanda basi hadi Ruiru.

Nakhumicha alimkuta mlangoni, katika zile nyumba za laini za wafanyakazi. Alilitazama sanduku, akalisogeza kando. Alimpa chai, kisha akaendelea kuchambua maharagwe katika ungo. Nafuna mwenyewe ndiye aliyeanza. Akasema anarudi nyumbani, hawezi tena.

"Watakuuliza kilichokushinda," Nakhumicha akasema. "Utawaambia nini?"

"Nitasema nilichagua vibaya, mama."

"Sema tu. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Boaz atakupeleka stesheni Jumatatu."

Nafuna alikuwa amejitayarisha kubembelezwa. Alikuwa na majibu yote. Sasa mlango ulikuwa wazi, na yeye hakujua la kufanya na miguu yake. Jumapili nzima alizunguka katika zile laini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alienda mpaka kwenye mibuni akarudi, akaenda mtoni akarudi. Alijaribu kuyatamka yale maneno, kwamba alichagua vibaya. Mara yalionekana ya kweli, mara hayakuonekana ya kweli. Alichojua hakika ni kwamba alimwacha Mumbi bila neno, baada ya siku ile.

Jumatatu Boaz alipolibeba sanduku begani, Nafuna akamwomba ampeleke kwenye basi la Thika. Boaz akalihamishia bega la pili. Akageuza njia.

Mkuu wa chuo alimwadhibu kwa utoro, akamlimisha bustani ya kabeji wiki nzima. Mumbi alimkuta huko na jembe.

"Umerudi?"

"Nimerudi. Nisamehe kwa yale ya njiani."

Mumbi alilitazama lile jembe. "Haya," akasema. "Ukimaliza hapo, leo ni zamu yetu ya maji."

Baada ya adhabu Nafuna akapata ujasiri wa kumwomba mkuu abadilishiwe shule ya mazoezi. Mkuu alisita, kisha akampeleka shule ya shamba kule Ruiru, kwa Mwalimu Gerishon, ambako watoto wa wafanyakazi walikuwa wa Kiluhya, Kijaluo na Kikamba na wote walifundishwa kwa Kiswahili. Kwao Bugisu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wapagazi, na chake kilikuwa kibovu. Lakini hata watoto chao kilikuwa kibovu, kila mmoja na ubovu wa kwao, wakaenda wakirekebishana. Mwisho wa mwaka wa pili alifaulu. Si kwa sifa, ila alifaulu.

Alirudi Uganda akapewa darasa karibu na Mbale. Baba yake alifurahi, akamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Walimu wenzake wakamwita Mkenya, na alipomkemea mtoto kwa Kiswahili bila kukusudia, darasa lote lilimshangaa. Sasa alikuwa akiifikiria Ruiru akifua, na akila. Alijichukia kwa hilo. Mwaka wa 1958 ukaanza, zikaja habari kwamba Gerishon amehamishwa na shule ya shamba inatafuta mwalimu.

Baba yake alimkuta akifunga sanduku. Alikaa kwenye kiti.

"Sasa umeamua?" akamuuliza.

"Kwa mwaka huu, baba, ndiyo," Nafuna akasema, akaendelea kukunja nguo.